Haya Isitunyime Tiba: Tuliyojifunza Kuhusu Upungufu wa Nguvu za Kiume

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, sisi ni mume na mke tulioishi katika ndoa kwa miaka 26, na Mwenyezi Mungu ametujaalia watoto wanne. Tunaandika makala hii kwa pamoja, kila mmoja kwa ridhaa yake, kuhusu maradhi ambayo katika jamii yetu hutajwa kwa mzaha barazani, kwa herufi kubwa kwenye nguzo za umeme na kwa minong'ono jikoni, lakini ni nadra kutajwa mbele ya daktari. Maradhi hayo ni upungufu wa nguvu za kiume.

Tumeomba majina yetu yahifadhiwe, kwani siri za chumba cha wanandoa zina heshima yake. Tutasema kiasi kinachotosha kumnufaisha msomaji, na mengine tutayaacha yalipo. Jambo tunalotaka kila familia ilijue ni hili: mume anapopungukiwa nguvu, aghalabu mwili wake unatoa taarifa ya maradhi mengine makubwa zaidi, na anayeifikisha taarifa hiyo kwa daktari mapema huenda akaokoa mengi kuliko alivyokusudia.

Mzigo wa kila mmoja

Mume kati yetu alikuwa na umri wa miaka 51. Upungufu haukumjia kwa siku moja. Ulianza kidogo kidogo, hasa baada ya siku za uchovu, kisha ukawa jambo la kawaida. Ilipofika miezi sita, tendo la ndoa lilikuwa halifanyiki kabisa. Hamu ilikuwapo, ila mwili haukuitika. Hata alfajiri, wakati ambapo mwili wa mwanamume huamka pengine kabla ya mwenyewe kuamka, palikuwa kimya.

Mume akawa anachelewa kurudi kutoka msikitini baada ya Isha, akikaa barazani hadi ahisi kuwa mke amelala. Mke naye alikuwa macho gizani akijiuliza maswali ambayo wanawake wengi watayatambua. Je, yuko mwanamke mwingine? Je, umri umekwisha kuniondolea mvuto machoni pake? Nyumba yetu haikuwa na ugomvi. Ilikuwa na adabu iliyopita kiasi, watu wawili wakipishana ukumbini kwa salamu kama wageni.

Usiku mmoja mume alitamka jambo alilolipima kwa majuma kadhaa. Alisema kwamba mke ana haki ambayo yeye hawezi tena kuitimiza, na kwamba ikiwa mke anapenda waachane kwa wema, yuko tayari. Hakuyasema hayo kwa hasira. Aliona kuwa ndio uadilifu. Mke akamjibu, "Talaka si dawa, mume wangu. Kwanza tujue unaumwa nini. Tukishajua, ndipo tuzungumze mengine."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufikisha hospitali. Tunayasimulia kwa sababu tunaamini zipo ndoa ambazo zimevunjika hapo hapo, mahakama ya kadhi ikasikia habari za matunzo na ugomvi wa mawifi, ilhali chanzo chenyewe kilikuwa maradhi yanayotibika ambayo hakuna aliyeyataja.

Kifurushi cha karatasi

Kabla hatujaenda, rafiki mmoja wa mume, kwa nia njema kabisa, alimletea kifurushi cha karatasi chenye unga uitwao vumbi la Kongo. Msomaji wa mijini anaujua unga huo, kama anavyoijua mizizi ya mkuyati inayotafunwa vijiweni na supu ya pweza inayouzwa jioni kwa vikombe, muuzaji akiwatupia wanaume wanaopita maneno ya utani. Pweza ni chakula kizuri, na hatuna neno juu yake. Kifurushi kile, hata hivyo, hatukukifungua. Tulikitia mkobani tukaenda nacho kwa daktari.

Daktari alikuwa kijana wa rika la mtoto wetu wa kwanza. Alituamkia shikamoo sote wawili, akamwuliza mume kama angependa mke abaki chumbani, naye akasema abaki. Alikitazama kile kifurushi, akasema hawezi kujua kilichomo, na muuzaji mwenyewe huenda hajui. Akatueleza kwamba nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa, FDA, imekuwa kwa miaka mingi ikitangaza bidhaa zinazouzwa kwa jina la dawa za asili za wanaume, ambazo zilipopimwa zilikutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali za jamii ya Viagra. Anayezimeza hajui kipimo alichomeza. Iwapo mtu huyo anatumia dawa za moyo za jamii ya nitreti, kama ile inayowekwa chini ya ulimi kutuliza maumivu ya kifua, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka ghafla hata akafa.

"Mzee," alisema, "umenijia na mlango mmoja unaogoma, lakini niruhusu nikague nyumba nzima."

Namna uchunguzi ulivyofanyika

Wanaume wengi hukwepa hospitali kwa kudhani kwamba huko kuna fedheha. Kwa hiyo tunaona ni vyema kueleza hatua kwa hatua tuliyoyakuta.

Kwanza yalikuwa maswali. Tatizo lilianza ghafla au taratibu? Linatokea kila mara au nyakati fulani tu? Alfajiri hali ikoje? Hamu ipo? Unavuta sigara? Unalala vizuri? Unatumia dawa gani? Swali la alfajiri lina maana kubwa. Mwanamume ambaye mwili wake huamka vizuri alfajiri lakini humwangusha awapo na mkewe, mara nyingi mishipa yake ni mizima na tatizo limo katika wasiwasi, huzuni au msongo wa mawazo. Hali hii huwapata hata vijana, na bwana harusi ambaye jamaa wanasubiri nje habari za usiku wake wa kwanza ni mfano wa wazi. Lakini yule ambaye tatizo lake limekuja taratibu, na alfajiri nako kumenyamaza, aghalabu ana maradhi ya mwili.

Swali la dawa nalo lina uzito wake. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa za kuongeza mkojo na baadhi ya zile za zamani za kupunguza mapigo ya moyo, pamoja na baadhi ya dawa za sonona, zaweza kupunguza nguvu za kiume. Anayeshuku hivyo asiziache kwa uamuzi wake, bali amwambie daktari ambadilishie.

Kisha mume alipimwa shinikizo la damu, uzito na kiuno, akaguswa mapigo ya damu miguuni, na sehemu za siri zikaangaliwa kwa muda mfupi na kwa staha. Ikafuata maabara: sukari kabla ya kula, mafuta ya kolesteroli, figo, na homoni ya kiume iitwayo testosteroni, ambayo hupimwa asubuhi kwa kuwa ndio wakati inapokuwa juu.

Majibu yalipotoka, testosteroni ilikuwa ya kawaida. Sukari ya kabla ya kula ilikuwa 11.2, ilhali mtu huhesabiwa kuwa na kisukari ikifika 7.0, na kipimo kiliporudiwa siku nyingine jibu halikutofautiana sana. Shinikizo la damu lilikuwa 160 kwa 95. Mume, ambaye hakuwahi kulazwa tangu utotoni na ambaye huenda msikitini kwa miguu, alikuwa na kisukari na shinikizo la damu, na hakuwa na habari. Alipopelekwa kwa daktari wa macho, ilionekana kuwa vishipa vya nyuma ya jicho vilikuwa vimekwisha kuanza kuathirika.

Hapo sote wawili tulinyamaza. Tulikuja kutafuta tiba ya chumbani, tukakuta kwamba kilichokuwa hatarini ni macho, figo, moyo na uhai wa baba wa watoto wanne.

Kwa nini mwili hutoa taarifa hapa

Daktari alituchorea mchoro kwenye karatasi, nasi tutaueleza kwa maneno. Mwanamume anapopata hamu, ubongo hupeleka ujumbe kupitia mishipa ya fahamu. Ujumbe ukifika, hutolewa hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza misuli laini katika kuta za mishipa ya damu ya uume. Mishipa hupanuka, damu hujaa, na njia za kuitoa hubanwa ili ibaki humo. Kazi ya hewa hiyo katika mishipa ya damu ilipogunduliwa, ilionekana kuwa jambo kubwa kiasi kwamba Tuzo ya Nobeli ya tiba ya mwaka 1998 walipewa Wamarekani watatu walioifichua, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad.

Sasa, sukari ikizidi kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu inayopeleka ujumbe na pia kuta za mishipa ya damu inayoupokea. Shinikizo la damu, sigara na kolesteroli nazo huziharibu kuta hizo. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba, yenye upana wa takriban milimita 1 hadi 2, ilhali ile inayoulisha moyo ina upana wa milimita 3 hadi 4. Uchafu ule ule unapoanza kuikaba mishipa ya mwili, huo mwembamba hulemewa kwanza. Ndiyo maana madaktari wameona kwamba kwa wanaume wengi upungufu wa nguvu hutangulia maradhi ya moyo kwa miaka 2 hadi 5. Hiyo ni fursa, kwa aliyeelewa kinachosemwa na mwili wake.

Wala mwenye tatizo hili asidhani yu peke yake. Utafiti maarufu uliofanywa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba miongoni mwa wanaume wa miaka 40 hadi 70, asilimia 52 walikuwa na upungufu kwa kiwango fulani, kidogo au kikubwa.

Tiba tuliyopewa na tiba nyinginezo

Tiba ilianza na kile kilichokuwa mzizi. Mume alipewa dawa ya kisukari iitwayo metformini na dawa ya shinikizo la damu, akaelekezwa kutembea kwa kasi jumla ya dakika 150 kwa wiki. Kazi ya jikoni ilikuwa ya nyumba nzima. Chai ya sukari na maandazi ya asubuhi vilipungua, wali ukapimwa kwa kiganja, mboga zikaongezwa, na haluwa ikabaki kuwa ya Idi. Watoto walilalamika kidogo, kisha wakazoea.

Kwa ajili ya tendo lenyewe aliandikiwa sildenafili ya miligramu 50, baada ya moyo wake kupimwa na kuhakikishwa kuwa hatumii nitreti. Dawa hii, ambayo jina lake la biashara ni Viagra, ilianza kutafitiwa Uingereza kwa ajili ya maumivu ya kifua, na iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 1998 kwa kazi inayojulikana nayo sasa. Huzuia kimeng'enya kinachoufuta ule ujumbe wa kulegeza mishipa kabla haujakamilisha kazi. Haileti hamu mahali isipokuwapo. Humezwa takriban saa moja kabla, na mlo wenye mafuta mengi huichelewesha. Tuliambiwa mapema kwamba kwa wenye kisukari hufanya kazi kwa udhaifu zaidi, na kwamba isihukumiwe kwa jaribio moja. Ndivyo ilivyokuwa: mara mbili za mwanzo hatukuona tofauti, mara ya tatu tukaona.

Tuliambiwa pia kwamba ikiwa hali ya kusimama itaendelea kwa zaidi ya saa nne bila kutulia, hiyo ni dharura, na mtu aende hospitali usiku huo huo.

Kwa wasiofaa kutumia vidonge au wasiosaidiwa navyo, zipo njia nyingine: pampu ya kuvuta hewa, sindano ndogo inayopigwa kabla ya tendo, na mwishoni upasuaji wa kupandikiza kifaa. Homoni ya testosteroni hupewa yule ambaye vipimo vimeonyesha kuwa amepungukiwa nayo, na anayetaka watoto amwambie daktari kwanza, kwa kuwa kuipokea kutoka nje hupunguza utengenezaji wa mbegu za uzazi. Ama yule ambaye tatizo lake limo katika wasiwasi, dawa yake kubwa ni mazungumzo na mshauri mwenye ujuzi, akiwa na mkewe.

Baada ya miezi minne sukari ya kabla ya kula ilishuka hadi 6.8 na shinikizo la damu likawa 130 kwa 80. Nguvu zilirejea kwa sehemu. Tusingependa kumdanganya msomaji kwamba tumerudi miaka 25 nyuma. Zipo nyakati ambazo mambo huwa mazuri, na zipo ambazo hayawi, nasi katika hizo hulala tukizungumza. Mume hakai tena barazani baada ya Isha.

Haya na sheria yetu

Tulimwendea pia sheikh tunayemheshimu, kwa kuwa mume aliendelea kusumbuliwa na swali la haki ya mke. Alitukumbusha kwamba wanazuoni wa fiqhi walilijadili jambo hili waziwazi tangu zamani. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliamua mume asiyeweza kumwingilia mkewe apewe muda wa mwaka mmoja, na wanazuoni wakaeleza hekima yake kuwa ni kupitiwa na misimu yote minne, ya joto na ya baridi, ili ibainike kama hali hiyo ni maradhi ya kupita au ya kudumu. Mwaka ukiisha bila mabadiliko, mke hupewa hiari ya kubaki au kuomba ndoa ivunjwe. Kwa mujibu wa wanazuoni wengi, hukumu hiyo inamhusu mume ambaye hajawahi kumwingilia mkewe katika ndoa hiyo, kwa hiyo haikuwa ikituhusu sisi. Lakini tulipata funzo ndani yake. Sheria haikumkebehi mume huyo, wala haikumnyamazisha mke. Ililiona jambo kuwa maradhi, ikalipa muda, ikahifadhi haki za pande zote mbili.

Kuhusu haya, sheikh alitutajia Ummu Sulaym (r.a.), aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akamwuliza jambo la ndani kabisa la mwili wa mwanamke, naye akajibiwa bila kukaripiwa. Haya ni sehemu ya imani, na kazi yake ni kutuzuia tusifanye maovu na tusieneze siri zetu mitaani. Haikuwekwa ili imfunge Muislamu kinywa mbele ya tabibu, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alihimiza kutafuta tiba.

Neno kwa familia

Kwa wanaume tunasema: ukiona hali hii inaendelea kwa miezi mitatu, nenda ukapime sukari, shinikizo la damu na kolesteroli hata kama hujisikii mgonjwa. Ikiwa una kisukari tayari, mwambie daktari wako, kwani huenda asikuulize. Usinunue cha kumeza kutoka kwa mtu asiyejua kama moyo wako ni mzima. Unapokaribia Ramadhani, zungumza naye pia kuhusu saa za dawa zako kati ya futari na daku.

Kwa wake tunasema: kimya cha mume huenda kikawa hofu, wala si dharau. Mwulize kwa upole, mkiwa wawili, mahali pasipo na haraka. Usilipeleke kwa mawifi wala kwa shoga zako kabla hamjalipeleka kwa daktari, kwa sababu neno likishatoka nje ya mlango, mume hatakuwa na nguvu ya kutibiwa wala ya kukutazama.

Na kwa walezi, makungwi na masheikh wanaowaandaa vijana kwa ndoa, tunaomba somo hili liingizwe katika mafunzo yao. Tunawafundisha maharusi twahara, mahari, matunzo na subira. Tukiwafundisha pia kwamba mwili hupatwa na maradhi na kwamba yanatafutiwa tiba, tutakuwa tumewapa kitu watakachokihitaji miaka 20 baadaye, siku ambayo sisi huenda hatupo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azijaalie nyumba zetu mapenzi na huruma, na atupe ujasiri wa kuuliza tusilolijua. Wabillahi tawfiq.